Ukuta usiotaka msumari: reli ya picha katika nyumba za zamani za Uingereza

Binamu yangu alinipigia simu usiku kutoka Leicester. "Dada, nimeubomoa ukuta wa watu." Alikuwa hajamaliza hata miezi miwili katika nyumba aliyopanga, nyumba ya matofali mekundu ya enzi za Malkia Victoria, iliyobanana na wenzake kwenye mtaa mrefu. Alitaka kutundika picha ya harusi ya wazazi wake. Akachukua msumari wa inchi mbili, akagonga mara tatu kama ambavyo angegonga kwao Morogoro, na pigo la nne likaangusha kipande cha lipu kikubwa kama sahani ya wali. Nyuma ya tundu kulikuwa na giza na vijiti.

Nikamwuliza: juu ya ukuta huo, karibu na dari, kuna ubao mwembamba unaozunguka chumba? Akasema upo, umepakwa rangi nyeupe, yeye alidhani ni pambo.

Swali la ubao ule nimeulizwa mara nyingi, hasa na ndugu na marafiki waliokwenda Uingereza kwa kazi za hospitali na za kutunza wazee na kujikuta wamepanga nyumba zenye umri wa bibi zao wawili. Si ajabu, maana takribani nyumba moja kati ya tano huko England ilijengwa kabla ya mwaka 1919. Majibu wanayopeana kwenye makundi ya WhatsApp ni ya kila namna. Mmoja anasema ni urembo tu. Mwingine anasema umeficha nyaya za umeme. Nimeshamsikia mtu akidai kwamba ndipo ukuta wa zamani ulipounganishwa na nyongeza. Yote hayo si kweli, na kutojua kunawagharimu watu fedha.

Ubao huo ni reli ya picha. Ni ubao mrefu uliolazwa na kupigiliwa ukutani, mara nyingi sentimita 30 hadi 50 chini ya dari. Upande wake wa juu umechongwa mviringo, na kati ya mviringo huo na ukuta kuna mfereji mdogo. Mfereji ndio moyo wa jambo lote, kwa sababu humo ndimo inamoingia kulabu. Kulabu ya reli ina umbo linalokaribia herufi S: kichwa chake kinaingia kwenye mfereji na kuukumbatia ubao, mkia wake unatokeza mbele na kupokea kamba, waya au mnyororo. Kamba inashuka, picha inaning'inia. Ukitaka kuihamisha picha, unaisogeza kulabu kando kama unavyosogeza pazia. Hutoboi kitu.

Kabla ya kwenda mbele, tutenganishe mbao za ukutani, kwa maana nyumba hizi zina mbao nyingi na mtu anaweza kutundika mzigo mahali pasipo pake. Chini kabisa, unaogusana na sakafu, kuna ubao ambao mafundi wetu huuita skatingi. Kiunoni, kama sentimita 90 kutoka sakafuni, huenda ukakuta ubao mwingine wa kuzuia migongo ya viti isikwaruze ukuta. Huo hauna mfereji na kulabu haitakaa. Nyumba nyingine zina rafu nyembamba juu ya ukuta yenye mkato wa kusimamishia sahani za maonyesho. Na pale ukuta unapokutana na dari kuna konisi, ambayo mara nyingi si mbao bali ni lipu iliyofinyangwa. Ukitundika kioo kizito kwenye konisi utaamka na konisi kitandani. Njia rahisi ya kuitambua reli ya picha ni kupanda kiti na kupitisha kidole juu yake. Kidole kikiingia kwenye mfereji, umeipata. Kisipoingia, usikate tamaa bado. Nitaeleza habari ya rangi huko mbele.

Sasa, kwa nini watu wajisumbue na reli wakati msumari ni wa bei ya pipi? Jibu limo ndani ya ukuta.

Sisi tuliozoea nyumba za tofali za saruji tunauona ukuta kama kitu kimoja kigumu, cha kupigwa misumari ya zege au kutobolewa kwa drili na kutiwa rolplagi. Ukuta unaotenga chumba na chumba katika nyumba ya Kiingereza ya mwaka 1890 haufanani na huo hata kidogo. Unafanana na kiambaza.

Ndiyo, kiambaza cha nyumba ya udongo. Kumbuka kinavyojengwa: nguzo zinasimamishwa, fito zinafungwa kwa kulala, moja juu ya nyingine zikiachiana nafasi, kisha udongo unakandikwa kwa nguvu ya kiganja mpaka upenye katikati ya fito na kujikunja upande wa pili. Kinachoushikilia udongo usianguke ni ule uliopenya. Seremala wa Kiingereza alifanya vivyo hivyo. Alisimamisha nguzo za mbao, akazipigilia fito bapa zenye upana wa kama sentimita mbili na nusu, akaacha nafasi ya milimita chache kati ya ufito na ufito. Akaja fundi lipu na mchanganyiko wa chokaa, mchanga na manyoya ya wanyama, ya ng'ombe, mbuzi au farasi, akausukuma kwenye fito kwa mwiko. Manyoya yalifanya kazi ile ile ya majani makavu ndani ya udongo wetu, kushikamanisha na kupunguza nyufa. Lipu iliyopenya ilijikunja nyuma kama vidole vilivyoshika ukingo wa meza. Juu yake likapigwa tabaka la pili, halafu la tatu, jembamba na laini, na mgeni akaingia chumbani akidhani ukuta ni jiwe.

Vidole hivyo ndivyo vinavyoushika ukuta mzima. Nyumba ikishapita miaka 100, baadhi vimekatika vyenyewe. Ukigonga nyundo, fito zinarukaruka kama ngozi ya ngoma, vidole vilivyobaki vinavunjika mmoja baada ya mwingine, na lipu inabaki imesimama kwa mazoea tu. Ndiyo sababu ya binamu yangu ilianguka kipande kizima: msumari haukutoboa tundu la msumari, ulivunja mshiko wa eneo lote lililoizunguka.

Aliyekulia kwenye nyumba ya udongo hahitaji kufundishwa hili. Hakuna aliyepiga msumari katikati ya kiambaza akategemea utashika. Kalenda ilitundikwa kwenye msumari uliopigwa kwenye nguzo, au kwa kamba iliyoshuka kutoka kwenye boriti. Reli ya picha ni akili hiyo hiyo. Ubao umepigiliwa kwenye nguzo za mbao zilizojificha ndani ya ukuta, kisha mzigo unashushwa kwa kamba, na lipu haiguswi.

Kuta za nje za nyumba hizo ni za matofali, si za fito, na hapo watu hujipa moyo. Lakini nazo zimepigwa lipu ya chokaa, laini kuliko saruji, na kwa miaka mingi ya unyevu na joto la moto wa mekoni lipu hiyo huachana na tofali sehemu sehemu. Gonga kwa kifundo cha kidole usikilize. Ukisikia sauti ya mtungi mtupu mahali ambapo ukuta ni wa tofali, ujue lipu imeachana. Kwenye kuta hizi reli ilipigiliwa kwenye vipande vya mbao vilivyozikwa katikati ya matofali kwa ajili hiyo.

Watu wa pwani waliokabiliwa na tatizo lao la kuta za matumbawe na chokaa walipita njia nyingine. Lamu walijenga zidaka, vile vishubaka vya mapambo ndani ya ukuta wenyewe, wakapanga humo vyombo vya kaure. Na ukitembea kwenye magofu ya Gede utaona kuta zenye matundu ya vigingi vilivyotumika kutundikia mazulia. Kigingi kilijengwa pamoja na ukuta, hakikupigiliwa baadaye na mpangaji mwenye haraka.

Turudi Uingereza. Kutundika picha kwa kamba kutoka juu hakukuanza na nyumba za watu wa kawaida. Kulianza kwa wenye majumba makubwa na kwenye kumbi za maonyesho, ambako picha zilipangwa kuta nzima, kutoka kiunoni hadi darini, fremu ikigusana na fremu. Ukumbi maarufu kuliko zote ulikuwa wa Royal Academy, chuo cha wachoraji na wachongaji, katika jengo la Somerset House, London, walikofanyia maonyesho kuanzia mwaka 1780 hadi 1836. Humo kulikuwa na mstari wa mbao ukutani, kama mita 2.4 kutoka sakafuni, na wachoraji waligombana juu ya mstari huo kuliko walivyogombana juu ya fedha. Picha kubwa za mtu mzima aliyesimama zilikaa juu yake, zimeinamishwa mbele. Mwaka 1784 Thomas Gainsborough aliomba picha yake ya mabinti watatu wakubwa wa Mfalme George III ishushwe, kwa kuwa aliichora kwa rangi za upole zisizoonekana kwa mbali. Waandaaji wakashikilia kanuni. Naye akaondoa picha zake zote, na mpaka alipofariki mwaka 1788 hakuonyesha tena kazi yake hapo. Mtu akikwambia kwamba urefu wa picha ukutani ni jambo dogo, mpe kisa hicho.

Katika karne ya 19 jambo hili likashuka kwa watu wa kati. Kodi ya karatasi za ukutani, iliyowekwa mwaka 1712, ilifutwa mwaka 1836. Mashine za kuchapa karatasi hizo zikaja, bei ikashuka, na kila mwenye duka au karani akataka sebule yenye maua ukutani. Picha nazo zikawa rahisi: michoro iliyochapwa kwa wingi, kisha picha za kamera za watu wa familia. Ukiwa umetoa fedha yako kupamba ukuta kwa karatasi ya maua, hutaki kuitoboa kila unapopata picha mpya. Kuanzia miaka ya 1840 hivi reli ikaanza kuwa sehemu ya kawaida ya chumba, na kufikia miaka ya 1870 na 1880 ukuta wa kisasa uligawanywa mapande matatu. Chini hadi kiunoni palikuwa pande moja, katikati jingine, na juu ya reli pande la tatu lenye rangi au mchoro wake. Ndiyo maana katika nyumba nyingi leo utaona rangi inabadilika ikifika kwenye reli, na ndiyo asili ya dhana kwamba ubao huo ni wa urembo. Urembo ulikuja kwa sababu ubao ulikuwepo tayari, una kazi.

Reli iliendelea kuwekwa hata kwenye nyumba za miaka ya 1930, ingawa huko mara nyingi utaikuta imeshuka mpaka ikalingana na vichwa vya milango. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikapotea. Dari zilishuka hadi kama mita 2.4, na ubao wa pembeni ulifanya chumba kionekane kifupi zaidi. Kuta za fito zikabadilishwa na mbao za jipsamu. Halafu kuna rolplagi, ambayo ina kisa cha kuchekesha kidogo. Kabla ya Vita vya Kwanza, mkandarasi wa London aitwaye John Joseph Rawlings alipewa kazi ya kufunga vifaa vya umeme kwenye kuta za British Museum bila kuziharibu. Akabuni plagi ya nyuzi za juti iliyogandishwa, ya kuingiza kwenye tundu dogo ili skrubu ikiingia, plagi ipanuke na kushika, na akaipatia hataza mwaka 1911. Kwa hiyo kile kipande cha plastiki ambacho fundi wako wa Temeke au Kawangware anakitoa mfukoni kilizaliwa kwa kuhurumia ukuta wa zamani. Leo watu wanakitumia kuutobolea.

Tuzungumzie uzito, kwa kuwa hapa ndipo uvumi umejaa. Watu wengi huniambia: "Ubao mwembamba ule? Msumari wangu ni imara zaidi." Kwenye tofali la saruji, labda. Kwenye lipu ya fito, hapana. Msumari mmoja ulioshika lipu unabeba mzigo wote peke yake, na mzigo unauvuta nje kama jino. Reli imepigiliwa kwenye nguzo nyingi kwa urefu wa ukuta mzima, na kulabu inausukuma ubao chini, haiuvuti nje sana. Ni kama gogo linalobebwa na watu kumi mabegani; hata mmoja akiteleza, gogo halianguki. Kulabu za kawaida za shaba huuzwa zikiwa zimeandikwa uzito zinaoweza kubeba, na nyingi ni karibu kilo 9 au 10. Soma pakiti, kisha tumia mbili. Picha ya kilo 10 kwenye kulabu mbili zilizoachana inaipa kila kulabu kilo 5 tu, na faida ya pili ni kwamba haipindi.

Kuna hesabu moja ya kamba ambayo inafaa kila mtu aijue. Umewahi kubeba ndoo ya maji na mwenzako kwa kamba? Mkisimama karibu, kamba ikiwa wima wima, ndoo ni nyepesi. Mkiachana na kujaribu kuinyoosha kamba ilale, mikono inauma ingawa maji ni yale yale. Picha nayo ni hivyo. Fremu ya kilo 10 iliyoning'inizwa kwa waya mmoja unaopanda kutoka pande mbili, kila upande ukiwa na mwinuko wa nyuzi 60 kutoka mlalo, unavuta kila upande wa waya kwa nguvu ya kama kilo 6. Ukishuka hadi nyuzi 30, kila upande unavutwa kwa kilo 10 kamili. Nyuzi 15, karibu kilo 19. Ndiyo maana ule waya mfupi uliokazwa nyuma ya fremu, unaopita mlalo kwa ajili ya msumari mmoja, hukatika au kung'oa vipete vyake, na watu wakadhani waya ulikuwa mbovu. Reli iko mbali juu, kwa hiyo kamba inayotoka kwake lazima iwe na mwinuko mkali. Umbali ambao watu wanauona ni kasoro ndio unaoilinda picha.

Lakini yote hayo yanategemea reli iwe ya kweli. Mafundi wa siku hizi huuza na kufunga reli mpya za MDF, yaani mbao za unga wa miti ulioshindiliwa kwa gundi, kwa ajili ya sura tu, na nyingi zimegandishwa kwa gundi ya bomba bila skrubu hata moja. Hiyo inabeba rangi yake na vumbi, basi. Tazama pembe za chumba: mbao ya zamani mara nyingi ina rangi za miaka mingi zilizorundikana, viungo vimeachana kidogo, na kwa karibu unaona alama za misumari. Bonyeza kwa kiganja juu na chini. Ikicheza, kuna msumari uliooza. Tazama kama kuna mwanya mpya kati ya ubao na ukuta.

Kisha fanya jaribio ambalo halina utaalamu wowote. Chukua mfuko wa kitambaa, tia unga au mchele wenye uzito mara mbili ya picha yako, ufunge kwa kamba ndefu kwenye kulabu ili uning'inie kiganja kimoja tu kutoka sakafuni, tandika blanketi chini, ukalale. Asubuhi ukiukuta ulipouacha, na ubao haujasogea, una jibu. Ukiukuta sakafuni, umepoteza usingizi wa dakika moja na si picha ya wazazi.

Ile habari ya rangi niliyoahidi ni hii. Reli iliyopakwa rangi mara kumi tangu enzi za Mfalme Edward VII, mwanzoni mwa karne ya 20, huwa imejaza mfereji wake kabisa, ndiyo maana kidole hakiingii na kulabu inatereza. Rangi hiyo inaweza kukwanguliwa kwa uangalifu, ila usichukue msasa mkavu. Rangi za zamani zilichanganywa na risasi, sumu hasa kwa watoto na wajawazito, na vumbi lake ndilo baya zaidi. Marekani iliipiga marufuku katika makazi mwaka 1978. Lowanisha, kwangua taratibu sehemu ndogo tu unayoihitaji, futa kwa kitambaa chenye maji ukitupe, na kama kuna mtoto mchanga ndani ya nyumba acha kabisa, mwambie mwenye nyumba alete mtu wa kazi hiyo. Hakikisha pia kwamba umbo la kulabu linafuata umbo la ubao. Kuna mbao nene, kuna nyembamba, na kulabu iliyokalia ncha badala ya kukumbatia itachimba mbao.

Kuhusu kamba yenyewe, watu wengi hukimbilia mshipi wa kuvulia samaki kwa sababu hauonekani. Kwa kikaratasi cha mtoto, sawa. Kwa fremu yenye kioo, naukataa. Nailoni hunyooka polepole chini ya mzigo wa kudumu, fundo lake huteleza, na siku itakapokatika haitoi onyo. Waya wa nyuzi nyingi uliosokotwa ni bora, na kwa vitu vizito mnyororo mwembamba. Enzi zile waliona fahari kamba ionekane, wakatumia ya hariri yenye kishada juu. Binafsi napenda mnyororo wa shaba unaoonekana waziwazi. Kuificha kamba katika nyumba kama ile ni kama kuvaa kanzu na kuona haya kuhusu kofia.

Sasa urefu. Kosa kubwa ni kutundika juu mno, eti kwa kuwa reli iko juu. Majumba mengi ya makumbusho huiweka katikati ya picha kwenye urefu wa kama sentimita 145 kutoka sakafuni, sawa na macho ya mtu wa kimo cha kawaida. Tuchukue picha ya binamu yangu, yenye kimo cha sentimita 50. Katikati ikiwa 145, ukingo wa juu utakuwa 170. Vipete vya kufungia kamba hukaa theluthi moja kutoka juu, yaani kama sentimita 17 chini ya ukingo, hivyo viko 153 kutoka sakafuni. Reli yake iko sentimita 230, na mkia wa kulabu unashuka sentimita 3, tubaki na 227. Toa 153. Kila kamba inahitaji urefu wa sentimita 74, pamoja na ziada ya fundo. Ukiweka vipete chini zaidi, picha itainama mbele zaidi. Waliopenda kuinamisha walikuwa na sababu: kioo kilichoinama hakirudishi mwanga wa dirisha machoni pako. Ukitaka ilale karibu na ukuta, panda na vipete juu.

Je, mpangaji anahitaji ruhusa? Soma mkataba wako kwanza, maana mikataba mingi inakataza misumari na gundi, na kulabu ya reli si kimojawapo. Amana ndiyo inayotajwa pindi lipu inapoanguka. Huko England, tangu mwaka 2019, kwa kodi ya chini ya pauni 50,000 kwa mwaka, mwenye nyumba haruhusiwi kudai amana inayozidi kodi ya wiki tano, na tangu 2007 anatakiwa kuiweka kwenye mpango wa ulinzi unaotambuliwa na serikali. Ukuta wa lipu ya chokaa uliozibwa kwa jipsamu ya dukani hupasuka tena pembeni ya kiraka, hivyo ukarabati wa kweli unataka fundi wa chokaa, na bei yake si ya fundi wa kawaida.

Wale wanaonunua nyumba wana jambo la ziada. Nyumba ikiwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na sheria, kung'oa reli ili ukuta uwe safi kunaweza kuhitaji kibali cha halmashauri, na kubadilisha jengo la namna hiyo bila kibali ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1990. Kuitumia hakuhitaji kibali cha mtu.

Linabaki tatizo dogo ambalo kila mtumiaji wa reli hukutana nalo: picha hupinda. Lori likipita, mlango ukibamizwa, mtoto akikimbia juu, kamba inasogea kwenye kulabu. Dawa ni kubandika vipande viwili vya kizibo laini cha chupa ya mvinyo kwenye pembe za chini za fremu, upande wa nyuma. Vinakamata ukuta kidogo, na vinaacha nafasi ya hewa kupita. Kwenye ukuta wa nje wakati wa baridi nafasi hiyo ina maana, kwa kuwa fremu iliyogandamana na ukuta baridi huzaa ukungu nyuma yake.

Binamu yangu alikata kizibo kwa kisu cha jikoni, akaning'iniza picha kwa mnyororo, akanitumia video. Mama yake amevaa gauni jeupe lenye mikono mipana, baba yake anatazama pembeni. Mwenye nyumba ameshaambiwa habari ya tundu, na fundi wa chokaa ameahidi kuja Machi. Hadi hapo picha inaning'inia mbele yake na kulifunika lote, isipokuwa kona moja ya chini ambako kijiti cha ufito kinachungulia.